Mlungulungu, mzima, mlundalunda: zinaua bakteria kweli au vidonda vinapona vyenyewe?

Binti_Sikonge

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Mi niko Tabora mjini nafanya kazi maabara, na saivi nimerudi chuo kujiendeleza kwaiyo natakiwa niwe na mada ya utafiti. Kinachonisumbua ni hiki. Kazini nikiotesha usaha wa vidonda au mkojo naona bakteria wanaota mpaka wanagusa vile vikaratasi vya dawa, ampisilini ndo kabisa, septrini hivo hivo, na hata zile za sindano ambazo zamani ukimwandikia mgonjwa ulikua na uhakika siku hizi unasubiri majibu roho juu.

Sasa bibi yangu mzaa mama yuko Sikonge. Fizi zikivimba au jino likiuma anatafuna gome la mlungulungu mpaka mdomo unakufa ganzi, mtoto akitoka vidonda mdomoni anachemsha gome hilo hilo anamsukutulisha. Kidonda cha mguu anachemsha mizizi ya mzima anaoshea. Tumbo la kuhara ni mlundalunda. Na watu wanapona, nimekua nikiwaona.

Nauliza kwa dhati kabisa, hizi dawa zinaua bakteria kweli, yani nikiweka kwenye kisahani cha agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, nitaona kwa macho, au vidonda vinapona vyenyewe na sisi tunaisifia dawa? Na kama zinaua, mbona duka la dawa hamna antibayotiki ya kumeza iliyotoka kwenye mti? Alafu nikitaka kuzipima nianzie wapi maana maabara yetu ni ya kawaida tu.

Fundi_Maabara

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali zuri nitakujibu kwa urefu maana hii ndo kazi nimeifanya kwa miaka.

Zinaua. Mlungulungu, kitaalamu Zanthoxylum chalybeum, una alkaloidi kama keleritrini na nitidini kwenye magome na mizizi, na hizo zinawasumbua bakteria vizuri tu. Mti hauna mguu wa kukimbia, kwaiyo unajitengenezea kemikali za kupambana na kuvu, wadudu na bakteria wanaoushambulia. Ukiloweka gome kwenye etanoli, ukachuja, ukakausha, ukaweka kwenye kisahani chenye bakteria wa stafilokokasi, ukaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37, asubuhi usishangae kukuta duara safi ambalo bakteria hawajaota.

Shida ni kwamba karibu kila mti mchungu utakupa duara. Tanini peke yake, ile inayokausha ulimi ukitafuna gome, inakamata protini na inaweza kukupa duara. Watu wengi wanaishia hapo, wanapima duara kwa rula, milimita 14, milimita 18, wanaandika mti huu ni dawa. Duara halikwambii dawa ina nguvu kiasi gani, maana kuna kemikali kali sana ambazo hazisambai kwenye agari kwa sababu hazipendi maji, na kuna dhaifu zinazosambaa kirahisi. Unachotakiwa kutafuta ni kile kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota, tunaita MIC, na unakipata kwenye sahani ya vishimo 96 ukipunguza dawa nusu kwa nusu kutoka kishimo mpaka kishimo.

Angalia namba hizi alafu utajijibu mwenyewe la duka la dawa. Antibayotiki ya sipro kwa yule bakteria E. coli wa kupimia, namba yake ATCC 25922, inamzuia kwenye mikrogramu 0.016 kwa mililita au chini ya hapo. Dawa ya mti ikiwa bado ghafi ukipata chini ya mikrogramu 100 kwa mililita wenzio watakupongeza, nyingi zinaangukia mia kadhaa au zinapita elfu. Chukua 500. Mtu mzima ana damu kama lita 5, kwaiyo ili ufikishe 500 kwa kila mililita ya damu unahitaji gramu 2.5 za dawa iliyokaushwa ziwe zote ndani ya damu kwa wakati mmoja, ini lisiivunje, figo isiitoe, isijishike kwenye protini za damu. Haiwezekani, na kabla hujafika hapo alkaloidi zitakua zishamdhuru mgonjwa. Ndo maana antibayotiki tunazomeza chanzo chake ni kuvu na bakteria, penisilini Fleming aliiona kwenye kuvu mwaka 1928, streptomaisini ikatoka kwa bakteria wa udongoni mwaka 1943, nyingine zimetengenezwa viwandani. Wadudu hao wanagombana wenyewe kwa wenyewe tangu zamani sana ndo maana silaha zao ni kali kwa kiwango kidogo.

Ila sasa rudi kwa bibi. Bibi hamezeshi watu mlungulungu watibu damu, anasukutulisha mdomo na anaosha kidonda. Tuseme anachemsha gramu 50 za gome kwenye nusu lita ya maji na moja ya kumi ya gome ndo inayoyeyuka, apo ana gramu 5 kwenye mililita 500, sawa na mikrogramu 10,000 kwa mililita. Hiyo ni mara 20 ya ile 500 na inagusa kidonda moja kwa moja. Kijiko cha chumvi kwenye kikombe ni kitu kingine kabisa na kijiko hicho hicho kwenye pipa. Kwaiyo mi naamini bibi yuko sahihi mahali anapoitumia na ningependa sana mtu apime hasa hicho.

Na usivunjike moyo stafilokokasi wakifa alafu E. coli, klebsiela na sudomonasi wakabaki wanadunda. Hao ni Gram hasi, wana utando wa pili kwa nje unaozuia kemikali nyingi za mimea kupita, na hata zikipita wana pampu za kuzirudisha nje.

Mwana_wa_Mfumu

Mwangaluka. Mi natokea Urambo, marehemu baba alikua mganga wa tiba asili, amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya ile sheria ya mwaka 2002, sio wa kupiga ramli.

Fundi nimekusoma na nakuheshimu lakini unaangalia kuua bakteria tu. Dawa ya kidonda kwetu inafanya kazi nyingi kwa mpigo. Inakausha majimaji, inasimamisha damu, inatuliza maumivu mgonjwa alale, inafukuza nzi. Hiyo tanini unayoidharau kwenye kisahani ndo inayofunga kidonda. Sasa ukipima bakteria peke yake alafu ukakuta 800 ukaandika dawa dhaifu, umemwonea mwenye dawa.

Pili baba hakua anatumia mti mmoja. Alikua anachanganya, huu wa kuua, huu wa kulainisha, huu wa kuzuia ule wa kwanza usimdhuru mtu. Nyie mnachukua mmoja mmoja. Dada ukipima pima na mchanganyiko wa bibi kama anavyouchanganya yeye, kwa maji, sio etanoli peke yake, maana hamna mgonjwa Sikonge anayekunywa etanoli ya maabara.

Na hili nalisema kwa uchungu. Watu walikuja kwetu na daftari, wakakaa na baba, wakaondoka na gunia la mizizi, hamna aliyerudi kusema wamekuta nini. Bibi yako mwombe ruhusa kama unavyomwomba mgonjwa hospitali, mweleze unaenda kufanya nini, na ukiandika ripoti mtaje kama atakubali kutajwa, ukimaliza rudi umsomee majibu kwa lugha anayoielewa. Hiyo elimu ni yake.

Kuhusu kuchuna gome usizungushe mti mzima, ukizungusha mti unakufa, chakula hakishuki kwenye mizizi. Chuna upande mmoja, ubao mwembamba, alafu pakaza udongo. Mlungulungu saivi karibu na vijiji unautafuta, mwanzo ulikua nyuma ya nyumba.

Fundi_Maabara

Mwana_wa_Mfumu nakubaliana na wewe la maji na la mchanganyiko, tena nina mfano. Tu Youyou wa China aliyepata Nobeli mwaka 2015 kwa artemisinini ya malaria, dawa ilikua inamgomea kwa sababu walikua wanachemsha. Akasoma kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya 4, kimeandika loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa, hakuna kuchemsha. Akaacha moto mkali akatumia etha kwenye joto la chini, dawa ikatoka. Maelezo ya mganga ya namna ya kuandaa ni sehemu ya dawa yenyewe, ukiyaacha umepima kitu kingine.

Ila la tanini sikudharau kaka. Nasema tu asije akaandika ameua bakteria kwa kemikali mpya kumbe ni tanini ileile iliyoko kwenye majani ya chai. Kama inafunga kidonda basi aandike inafunga kidonda na aipime kwa kipimo cha kufunga kidonda.

Mtongwe_wa_Mahale

Habari za Tabora, mi niko Kigoma wilaya ya Uvinza, ukoo wetu ni Watongwe wa upande wa Mahale. Nimesoma yote nikaona niwape kisa cha kwetu maana kinagusa hapo hapo penye kiwango na sehemu ya mti.

Kuna mti tunauita mjonso, wengine wanaujua kama Vernonia amygdalina, mchungu kweli kweli. Mwezi wa 11 mwaka 1987 mtafiti wa sokwe Michael Huffman na mzee wetu Mohamedi Seifu Kalunde, aliyekua mhifadhi na pia mganga, walikua wanamfuata sokwe jike anaitwa Chausiku msituni Mahale. Siku hiyo alikua mgonjwa, analala lala, mkojo mweusi, akauendea mjonso ambao sokwe kwa kawaida hawauli, akamenya ganda, akatupa majani, akabaki na ule moyo wa ndani wa kijiti, akatafuna akafyonza maji yake akatema nyuzi. Mzee Kalunde akamwambia mwenzie hiyo ni dawa, sisi Watongwe tunaitumia kwa tumbo. Kesho yake mchana Chausiku akawa na nguvu zake. Mwaka 1989 wakaandika wote wawili, jina la mzee limo, kwaiyo ndugu yangu wa Urambo inawezekana kumtaja mwenye elimu.

Sasa sikilizeni. Walipopima kemikali wakakuta ile kali yenye sumu, vernodalini, imejaa kwenye majani, na kwenye moyo wa kijiti kuna nyingine iitwayo vernoniosaidi B1. Yani sokwe anatupa kile cha hatari anakula kile kinachovumilika. Ukienda maabara ukasaga majani, ganda na kila kitu ukaloweka kwenye methanoli utapata duara kubwa kuliko la Chausiku lakini hiyo sio dawa yake.

Na kisa cha pili ni cha tahadhari. Sokwe wa Gombe na Mahale wanameza majani ya Aspilia mazima mazima asubuhi, wanayakunja ulimini bila kutafuna. Mwaka 1985 wakatoka wanasayansi wakasema kwenye majani kuna mafuta mekundu, thiarubrini, yanaua bakteria, kuvu na minyoo, dunia ikashangilia. Wengine wakarudia vipimo kwenye majani hawakuikuta. Baadae ikaonekana majani yale yana vinywele vikali na yanapita tumboni mazima, yanakomba minyoo yanatoka nayo. Dawa ilikua inafanya kazi muda wote, sababu tu ndo ilikua nyingine. Kwaiyo dada kipimo chako rudia, na kama chuo kingine kinaweza kurudia na wao wapelekee.

Muuguzi_Nzega

Mwanangu kazi nzuri, mi nitaongea machache. Bibi kuosha mdomo sina neno naye. Ila wodini tunapokea watoto wamechelewa, kitovu kimepakwa mizizi iliyosagwa na udongo wake, pepopunda inaingia hapo, na mbegu za mdudu wa pepopunda hazifi kwa kuchemsha kwenye sufuria ya nyumbani. Kitovu hakipakwi kitu cha porini hata kiwe na duara la namna gani.

Na kuna mti unaitwa muteyu. Mizizi yake inanukia kama dawa ya kuchua misuli, watu wanapenda ile harufu, lakini muteyu ni sumu na unaua mtu akinywa. Kwaiyo ukiona mti unaua bakteria swali la pili liwe je na mtu je. Mgonjwa mwenye homa, kidonda kinachonuka, wekundu unaopanda mguu, huyo ni hospitali siku hiyo hiyo, gome asubiri nalo akishapona.

Mrina_Asali

Wanyamwezi wenzangu mnaongea magome yote ya miombo mnasahau kilichotuzunguka. Mi nina mizinga Sikonge. Asali nayo inatoka kwenye miti hiyo hiyo, mtundu, myombo, na vidonda tumekua tukipaka. Nilisoma chuo cha nyuki hapa Tabora, tulifundishwa kwamba asali iliyokomaa ina maji chini ya asilimia 20, kwaiyo inamnyonya bakteria maji anakauka, alafu ina asidi, na tatu nyuki ameweka kimeng'enya ambacho asali ikikutana na majimaji ya kidonda kinatengeneza haidrojeni paroksaidi kidogo kidogo. Ndo maana asali iliyochemshwa au iliyokaa juani dirishani inapoteza nguvu hiyo, kimeng'enya kinakufa kwa moto. Wale wanaochemsha masega wapate kingi haraka wanauza sukari.

Dada ukipima asali weka na maji ya sukari ya uzito uleule pembeni, usipofanya hivyo hutajua aliyeua ni sukari au ni asali. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Ile ya hospitali za wenzetu ya kupaka vidonda inapigwa mionzi kwanza kuua mbegu hizo.

Binti_Sikonge

Asanteni sana wakubwa wangu mmenifungua. Nimeongea na bibi kwa simu, amekubali ila anataka niende mwenyewe anioneshe mti, hataki nitumiwe gome na bodaboda, na amesema mizizi hatoi, atanipa gome la tawi. Mchanganyiko wake wa kidonda ni mzima na kitu kingine ambacho bado hajanitajia, anasema atanionesha nikifika.

Fundi naomba unisaidie hapa. Nataka niende na mlungulungu wa mdomo peke yake kwa kuanzia, uchemshwe kama bibi, na bakteria niwe na wale wa kawaida pamoja na stafilokokasi sugu wanaotoka kwenye usaha wa kazini kwetu. Je sahani ya vishimo inasomekaje wakati dawa yenyewe ni kahawia, nitajuaje kishimo kina bakteria au ni rangi ya gome?

Fundi_Maabara

Bibi ana akili sana, msikilize. Rangi usiogope, ukishaotesha usiku kucha tia INT, ni kemikali ya rangi, kwenye kila kishimo, subiri nusu saa au zaidi, penye bakteria hai panageuka pinki, palipokufa panabaki kahawia vile vile. Weka vishimo vya dawa ya mti bila bakteria, vya bakteria bila dawa, na vya antibayotiki ya jentamaisini. Ukitumia kimiminika cha DMSO kuyeyusha dawa weka na vishimo vya DMSO tupu, maana nayo ikizidi inaua. Maji ya gome usiyaache mezani, yanaota ukungu, kausha kwa baridi au gandisha siku hiyo hiyo, na kabla ya kupima pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22, ukichuja angalia kama kuna kinachobaki kwenye chujio maana tanini hua inaganda.

Stafilokokasi wa kutoka kazini kwenu ni wazo zuri mno, hao ndo wanaotuua. Makadirio yaliyotoka mwaka 2022 yalisema watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa bakteria sugu. Ila ili uwatumie unahitaji kibali cha maadili kupitia chuo chako, anza kukiomba leo kabla hujaenda Sikonge maana ndo kinachochelewesha watu kuliko maabara. Kwa bakteria wa kawaida chukua stafilokokasi ATCC 25923 na huyo E. coli 25922, ulizia hospitali kubwa yenye maabara ya kuotesha wanaweza kukugawia.

Ukifika kwa bibi kata tawi lenye majani, na matunda kama yapo, bana kwenye gazeti, peleka kwenye hebaria, pale wanapotunza mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakuthibitishie jina. Miti ya jamii ya mlungulungu iko zaidi ya mmoja na yote ina miiba.

Sumu anza na kipimo cha vikamba vya maji ya chumvi, ni rahisi, mayai yake yanauzwa, yanaanguliwa kwenye maji ya chumvi kwa siku moja au mbili, unahesabu wangapi wamekufa kwenye kila kiwango. Kama vikamba vinakufa kwenye kiwango kidogo kuliko kinachoua stafilokokasi, andika hivyo hivyo usifiche.

Na hilo la gome la tawi ndo limenipa hamu. Mwombe bibi kipande kidogo tu cha gome la mzizi wa mti huo huo, upime viwili sambamba. Tawi likilingana na mzizi, watu wa Urambo na Sikonge hawana sababu ya kuchimba tena. Nitumie MIC zote mbili zikitoka, hata zikiwa juu ya elfu.

Mwana_wa_Mfumu

Tawi na mzizi havilingani nguvu, baba alikua anasema hivyo siku zote, lakini pima. Na mi nitumie.